Kompyuta Moja, Wageni Watatu
Hotuba iliyosomwa katika Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, juu ya kubadili njia za mtandao katika kompyuta pepe kwa amri za kuandika



Nimepewa dakika thelathini, na Ndugu Katibu amekwisha nionya kwamba chakula kitakuwa tayari saa saba kamili. Kwa hiyo nitaingia katika jambo lenyewe bila kuzunguka.

Mwaka jana tulichanga fedha, tukanunua kompyuta kubwa ya kutunza kazi za shule. Kompyuta hiyo ipo, mmeiona asubuhi, katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mhasibu. Baadaye ikasomwa taarifa ya Mwalimu wa Kompyuta, ikisema kwamba shule sasa ina kompyuta tatu za huduma: moja ya maktaba, moja ya matokeo ya mitihani, na moja ya ada. Papo hapo wanachama wawili wakasimama wakauliza: hizo mbili zilizozidi zimenunuliwa kwa fedha za nani, na risiti ziko wapi? Swali hilo lilikuwa la haki kabisa, nami nafurahi kwamba bado tuna watu wanaouliza risiti.

Jibu ni kwamba kompyuta ya chuma ni moja tu. Zile tatu ni kompyuta pepe. Ndani ya ile ya chuma imewekwa programu inayogawa akili yake, kumbukumbu yake na diski zake mafungu mafungu, na kila fungu likapewa mfumo wake wa uendeshaji, likawashwa na kuzimwa peke yake, likaamini kwamba lenyewe ni kompyuta kamili. Ile ya chuma huitwa mwenyeji, na hizi pepe huitwa wageni. Mgeni mmoja akiugua, wengine huendelea na kazi zao.

Jambo lenyewe si jipya kama vijana wanavyodhani. Kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza programu yake ya VM/370 mwaka 1972, ikawezesha mashine moja kubwa kutumiwa na watu wengi, kila mmoja akiona kama ana mashine yake mwenyewe. Mwaka huo sisi wa rika langu tulikuwa humu humu tukifunua majedwali ya logi. Katika mfumo wa Linux, uwezo wa namna hiyo uitwao KVM uliingizwa ndani ya kiini chake mwaka 2007, nao hauna ada ya leseni. Ndio unaotumika katika kompyuta yetu, na ndiyo sababu katika hesabu za Mweka Hazina hamtaona hata senti moja iliyolipwa kwa ajili yake.

Sasa nije kwenye tatizo. Wanafunzi wakiwa darasani hawawezi kumfikia mgeni yule wa maktaba. Vitabu vimo, orodha imepangwa vizuri, lakini kutoka chumba cha kompyuta cha Kidato cha Pili hakuna anayeviona. Wapo waliokwisha sema kwamba tumeuziwa kitu kibovu. La hasha. Kitu ni kizima; kilichobaki ni njia.

Kila mgeni ana kadi ya mtandao. Kadi hiyo haipo kwa chuma, ni programu inayojifanya kadi, lakini ina kila kitu cha kadi, hata ile anwani ya MAC yenye tarakimu kumi na mbili. Mkiona anwani inayoanza na 52:54:00, kwa kawaida ni kadi ya mgeni wa namna hii. Ukimkaribisha mgeni bila kutoa maagizo mengine, kwa kawaida programu iitwayo libvirt inayowasimamia humweka katika mtandao wa ndani, humpa anwani inayoanza na 192.168.122, na kumwachia atoke nje kwa anwani ya mwenyeji wake.

Ndugu zangu tuliolala mabwenini tunaufahamu mpango huu. Sote tulikuwa na Sanduku la Posta moja, la shule. Uliandika barua, ikatoka kwa jina la sanduku lile. Jibu likaja kwenye sanduku lile. Na kiranja wa barua, kwa kuwa alijua nani alimwandikia nani, akakuletea kitandani. Lakini mtu wa nje ambaye hukumwandikia kwanza, akitaka kukufikia wewe wa kitanda cha kumi na nne bweni la pili, alikuwa hana njia. Hivyo ndivyo alivyo mgeni wetu wa maktaba leo. Yeye anaweza kutoka, ila wengine hawawezi kumwingilia. Kwa mgeni wa ada hali hiyo ni ulinzi mzuri, na ningependa abaki hivyo hivyo. Kwa maktaba haifai.

Dawa yake ni kumhamisha kutoka mtandao wa ndani na kumweka kwenye daraja. Daraja ni swichi ya kubuni ndani ya mwenyeji, ambayo kadi ya chuma huchomekwa upande mmoja na kadi za wageni upande wa pili. Mgeni aliye darajani hupata anwani katika mtandao wa shule wenyewe, sawasawa na kompyuta yoyote iliyo mezani. Yaani amepata sanduku lake la posta mjini.

Kazi hii itafanywa kwa amri za kuandika. Nimeulizwa mbona tusitumie zile programu zenye picha, ambazo mtu huelekeza kipanya na kubofya. Kwanza, mwenyeji wetu hana skrini. Kimewekwa kichuma cheusi tu na nyaya zake. Pili, mwenzetu aliyejitolea kuitunza yuko Dodoma, na amri ya maneno kumi hupita hata katika njia nyembamba ya simu ambayo picha hazipiti. Lakini sababu ninayoipenda mimi ni kwamba amri huweza kuandikwa daftarini kabla ya kutolewa, ikasomwa na mtu wa pili, na baadaye ikaonekana nani alifanya nini saa ngapi. Huwezi kuandika daftarini kwamba ulibofya pale juu kulia.

Hata hivyo, amri ya kuandika ina hatari yake, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndilo jambo lililonifanya nikubali kusimama.

Nilikuwa nikitembelea ofisi moja, ambayo sitaitaja, siku za mwisho wa mwezi. Mishahara ya ofisi ile ilikuwa ndani ya mgeni mmoja, na mwenyeji wake alikuwa katika mji mwingine, zaidi ya kilomita mia nne. Kijana fundi, hodari kweli kweli, aliagizwa ajenge daraja katika mwenyeji yule. Kazi ina hatua mbili: kuiunganisha kadi ya chuma na daraja, kisha kuihamisha anwani kutoka kwenye kadi na kuiweka kwenye daraja. Akaandika amri ya kwanza:

ip link set eno1 master br0

Amri haikuwa na kosa hata la herufi. Ilifika, ikatekelezwa. Kuanzia nukta ile kadi ikawa ya daraja, na anwani iliyobaki juu ya kadi haikuwa na kazi tena. Ile amri ya pili, ambayo ingeweka mambo sawa, haikufika kamwe, kwa sababu ilipaswa kupita katika njia ile ile iliyokwisha kukatwa na ya kwanza. Ilikuwa Ijumaa saa kumi na nusu alasiri. Kule kwenye mashine alikuwapo mlinzi mwenye ufunguo wa geti. Ufunguo wa chumba alikuwa nao mtu aliyesafiri kwenda msibani. Mishahara ilitoka Jumanne. Jumatatu asubuhi nilimkuta mama mmoja mfagizi amekaa kwenye ngazi na sanduku la mwanawe, amekwisha mleta mpaka stendi na kumrudisha, kwa kuwa nauli ya kurudi shule ilikuwa ndani ya kompyuta ile. Wakubwa walikuwa wakibishana juu ya nani aandikiwe barua ya onyo. Yule mama hakuwa anabishana na mtu.

Maoni yangu ni kwamba kijana yule hakukosea amri. Ofisi yake ndiyo iliyokosea mpango. Iliagiza njia ichimbuliwe na mtu aliyesimama juu yake, bila kumwekea njia nyingine ya kurudi. Hapa kwetu, matokeo ya mitihani yamo katika kompyuta ile ile ya chuma. Kwa hiyo naomba kazi yetu ifanywe kwa namna nitakayoieleza, hata kama itachukua siku tatu badala ya dakika tatu.

Daraja la mwenyeji litajengwa na Mwalimu wa Kompyuta mwenyewe, akiwa ndani ya chumba, amechomeka skrini na kibodi katika mashine. Hilo lisifanywe kutoka Dodoma. Akimaliza, na mwenyeji akionekana tena kwenye mtandao, ndipo mwenzetu wa Dodoma aanze kazi ya mgeni.

Amri nitakazozisoma Ndugu Mhariri atazichapa kama zilivyo, maana kompyuta haikubali zitafsiriwe. Kwanza ni kutazama tu, bila kugusa:

virsh list --all
virsh domiflist maktaba

Ya kwanza huonyesha wageni wote, walio macho na waliolala. Ya pili huonyesha kadi za mgeni aitwaye maktaba: jina la kadi upande wa mwenyeji, kwa mfano vnet0, aina ya njia yake, na anwani yake ya MAC. Hayo yaandikwe daftarini kwa kalamu. Kisha sifa zote za mgeni zihifadhiwe katika faili, ili tukitaka kurudi tujue tulikotoka:

virsh dumpxml --inactive maktaba > maktaba-kabla.xml

Kisha ifunguliwe konsoli, kwa amri ya virsh console maktaba. Hii ndiyo njia ya kurudi niliyoitaja. Konsoli humfikia mgeni kwa ndani, kupitia mwenyeji, bila kutumia kadi yake ya mtandao. Unaweza kuing'oa kadi yote, na konsoli ikabaki wazi. Sharti lake ni kwamba mgeni awe ametayarishwa kuitikia, na wageni wengi hawakutayarishwa. Ukifungua ukaona kimya, usiendelee na hatua nyingine mpaka umeshughulikia hilo. Ni afadhali kugundua kwamba mlango wa nyuma umefungwa wakati ule wa mbele bado uko wazi.

Hatua inayofuata watu wengi huifanya kwa haraka: huifuta kadi ya zamani na kuweka mpya. Sisi tutaongeza ya pili na kuiacha ya kwanza mahali pake:

virsh attach-interface maktaba bridge br0 --model virtio --mac 52:54:00:1a:2b:3c --live

Tazameni neno la mwisho. Mgeni ana sura mbili: namna alivyo sasa hivi akiwa macho, na namna alivyoandikwa ili akiamka kesho awe hivyo. Neno live hubadili ya sasa tu. Neno config hubadili ile iliyoandikwa. Tunaanza na ya sasa makusudi, kwa sababu ikituharibikia, tukimzima mgeni kabisa na kumwasha, huamka kama alivyokuwa jana. Tukiridhika, tunairudia amri ile ile kwa neno config. Na hapo ndipo umuhimu wa kutaja anwani ya MAC: usipoitaja, programu hubuni mpya kila mara, nawe utakuwa na kadi moja leo na nyingine kesho, huku ukidhani ni ile ile.

Ndani ya mgeni, kadi mpya huonekana kwa amri ya ip -br link. Tuseme imeitwa enp7s0. Inaamshwa na kupewa anwani:

ip link set enp7s0 up
ip address add 192.168.10.25/24 dev enp7s0

Hapo mwanafunzi mmoja aende darasani, ajaribu kufungua maktaba. Akifanikiwa tutakuwa tumeona kwa macho. Lakini amri hizi za ip hazidumu. Mgeni akiwashwa upya zimekwisha. Watu huuona huo kuwa udhaifu, mimi nauona kuwa rehema. Ukiwa huna konsoli, na huna budi kubadili anwani ya njia unayoitumia, mwagize kwanza mgeni ajizime na kujiwasha baada ya dakika kumi, kwa amri ya shutdown -r +10, ndipo ubadilishe. Ukijifungia nje, ngoja; zikitimia dakika kumi atajiwasha na anwani yake ya zamani, nawe utarudi. Ukifanikiwa, futa agizo lile kwa shutdown -c. Kijana yule wa mishahara, laiti angefundishwa hilo, angekunywa chai akisubiri.

Kuifanya anwani idumu kunategemea mgeni ni wa ukoo gani wa Linux. Wetu ni Ubuntu, ambayo hutunza mambo haya katika faili ndani ya /etc/netplan. Faili likishaandikwa, ipo amri ya netplan apply, ambayo hutekeleza moja kwa moja, na ipo netplan try. Naomba itumike ya pili. Hiyo hutekeleza mabadiliko, kisha hungoja sekunde 120 ubonyeze kitufe kuthibitisha kwamba bado upo. Usipothibitisha, hurudisha mambo ya awali yenyewe. Na katika faili hilo kadi itambulishwe kwa anwani yake ya MAC, isitambulishwe kwa jina la enp7s0 peke yake, kwa kuwa majina hayo hufuata nafasi kadi ilipochomekwa, na nafasi huweza kubadilika. Hali kadhalika liandikwe lango moja tu la kutokea, la mtandao wa shule. Mgeni mwenye kadi mbili na malango mawili hupokea ujumbe kwa mlango huu na kujibu kwa ule, na mafundi hukesha wakitafuta mchawi.

Baada ya hapo kadi ya zamani isiondolewe siku hiyo. Ichomolewe waya tu:

virsh domif-setlink maktaba vnet0 down

Ni sawa na kuchomoa kebo na kuiacha ikining'inia. Akijitokeza mtu siku ya pili akilalamika kwamba kitu fulani kilikuwa kikitegemea njia ile, neno down hugeuzwa kuwa up, na ugomvi umekwisha. Ukipita muda bila malalamiko, ndipo kadi iondolewe kwa virsh detach-interface, ikitajwa anwani yake ya MAC ile iliyoandikwa daftarini, kwa live na config pamoja.

Kisha mgeni azimwe kabisa kwa virsh shutdown na kuwashwa kwa virsh start, mchana, watu wakiwapo. Kumwambia ajiwashe upya kutoka ndani hakutoshi. Kwa njia hiyo mwenyeji hasomi upya ile sura iliyoandikwa. Nimeona mabadiliko yaliyofanya kazi miezi mitano bila tatizo, siku umeme ulipokatika usiku wa manane yakatoweka yote, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika config.

Wale mtakaotaka kujaribu nyumbani katika kompyuta mpakato, VirtualBox inafaa, na amri yake ni VBoxManage modifyvm maktaba --nic1 bridged --bridgeadapter1 eno1, mgeni akiwa amezimwa. Wa Linux mnaotumia Wi-Fi msishangae mkijenga daraja la kawaida juu ya kadi ya Wi-Fi likakataa: kituo cha Wi-Fi kwa kawaida hukubali anwani ya MAC ya yule aliyejiandikisha kwake, na mgeni wenu hakujiandikisha. Jaribuni kwa kadi ya waya.

Ndugu Mwenyekiti, ninayo maombi machache kwa Kamati. Ufunguo wa pili wa chumba kile uwekwe kwa Mwalimu wa Zamu, kwa maandishi, kuanzia leo. Daftari la amri linunuliwe, la jalada gumu, likae chumbani humo. Na vijana wa Kidato cha Tatu waliomo katika klabu ya kompyuta waruhusiwe kuwapo kazini, wasiwe watazamaji tu. Mgeni wa kujifunzia hagharimu kitu. Wapewe mmoja, waitwe mmoja mmoja, wamng'oe kadi, wapotee, na watafute njia ya kurudi kwa konsoli. Nimesikia hoja kwamba wataharibu. Huyo ndiye mgeni wa kuharibiwa. Wale wengine watatu watakuwa salama zaidi mikononi mwa mtu aliyekwisha kupotea mara mbili tatu mahali pasipo na mishahara wala mitihani.

Kazi imepangwa kuanza Jumamosi ya kwanza ya likizo, saa mbili asubuhi. Mwalimu wa Kompyuta atakuwa chumbani, mwenzetu wa Dodoma atakuwa kwenye simu. Wanachama wanaokaa karibu wanakaribishwa, ila chumba hakina viti zaidi ya vitatu. Dakika tano zimebaki, niko tayari kwa maswali, hata ya risiti.